Hadhira na Matini Isiyoandikwa: Historia ya Maonyesho ya Kundi la Alvin Ailey, 1958–1989

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wanakubaliana kwamba utungo hauwi hai pasipo fanani na hadhira yake. Uhakiki wa dansi ya kisasa ya Magharibi umesita kulikubali jambo hilo. Aghalabu umemtazama mtunzi wa dansi kama mwandishi, dansi yenyewe kama matini iliyokwisha kukamilika, na mtazamaji kama msomaji aketiye kimya gizani. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kuchunguza historia ya kundi moja, yaani Alvin Ailey American Dance Theater la New York. Hoja inayoendelezwa ni kwamba hadhira ya kundi hili ilishiriki katika kuiunda kazi yake, na kwamba ushiriki huo ulikuwa na faida na gharama.

Chimbuko

Alvin Ailey alizaliwa mwaka 1931 huko Rogers, Texas, wakati ambapo ubaguzi wa rangi ulilindwa na sheria katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Alijifunza dansi mjini Los Angeles chini ya Lester Horton, ambaye kundi lake lilichanganya wachezaji wa rangi mbalimbali. Horton alifariki mwaka 1953, na mwaka uliofuata Ailey akahamia New York.

Tarehe 30 Machi 1958 alionyesha kazi zake katika ukumbi wa 92nd Street Y, taasisi ya Kiyahudi iliyokuwa imewapokea wachezaji wa dansi ya kisasa tangu miaka ya 1930. Mahali hapo pana maana katika historia hii. Mchezaji Mweusi wa wakati ule alipata ajira zaidi katika tamthilia za muziki za Broadway, ambako alitakiwa kuburudisha. Jukwaa la kusimulia maisha ya watu wake kwa uzito uliostahili lilikuwa adimu. Dansi ya Blues Suite, iliyochezwa usiku huo, iliyaweka maisha ya walalahoi wa Texas mbele ya hadhira iliyozoea kuheshimu dansi kama sanaa.

Revelations na hadhira yake

Revelations ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi uo huo mwezi Januari 1960. Imejengwa juu ya nyimbo za kidini za Wamarekani Weusi na ina sehemu tatu. Katika ya kwanza, wachezaji waliovaa rangi za udongo wanasongamana chini ya mwanga huku mikono yao ikinyooka juu kama mabawa. Katika ya pili, vitambaa virefu vinatandazwa jukwaani kuwa mto wa ubatizo, na mwanamke anapita na mwavuli mkubwa mweupe. Katika ya tatu, wanawake wenye kofia na vipepeo wanaketi juu ya vigoda, nalo jukwaa linageuka kanisa la kijijini.

Toleo la kwanza lilizidi saa moja. Baadaye Ailey alilipunguza hadi kiasi cha dakika 36. Kadiri miaka ilivyopita, watazamaji walizoea kupiga makofi kwa mdundo wa wimbo wa kufungia, na sehemu hiyo ya mwisho ikawa ikirudiwa kwa ajili yao. Tendo hili si pambo la nje. Sehemu ya tatu inaigiza waumini wanaoitikia. Watazamaji wanapoitikia, mpaka kati ya anayetenda na anayetazama unafifia.

Dansi ya Cry ya mwaka 1971 inathibitisha hoja iyo hiyo kwa njia nyingine. Ailey aliitunga kama zawadi kwa mama yake, akaitabaruku kwa wanawake Weusi wote. Inachezwa na mtu mmoja kwa muda wa takriban dakika 16, na kitambaa kimoja cheupe kinakuwa mara kilemba, mara shuka, mara tambara la kusugulia sakafu. Judith Jamison, aliyeicheza kwanza, ameeleza kwamba hakuwahi kuicheza yote kwa mfululizo kabla ya usiku wa uzinduzi. Kwa hiyo kazi hiyo ilikamilika kwa mara ya kwanza machoni pa hadhira.

Hadhira za ng'ambo

Ziara za kundi hili zilifadhiliwa mara kadhaa na serikali ya Marekani, kuanzia ile ya Asia ya mwaka 1962. Hapa kuna kinaya. Serikali iliwatumia wasanii Weusi kuinadi demokrasia ya nchi ambamo wengi wa ndugu zao walikuwa bado wakizuiwa kupiga kura. Mwaka 1970, kundi likiwa karibu kuvunjika kwa ukosefu wa fedha, lilipelekwa Urusi ya Kisovieti, na huko Leningrad likashangiliwa kwa zaidi ya dakika 20. Watawala walikusudia propaganda. Hadhira ilipokea ushuhuda wa mateso na matumaini. Maana haikuamuliwa na mfadhili.

Gharama ya mapenzi

Hata hivyo, hadhira inayopenda inaweza pia kufunga. Ailey alitunga dansi zaidi ya 70, lakini watazamaji wengi wanalihusisha jina lake na moja tu. Tena, waimbaji walioimba papo hapo siku za mwanzo wameachia nafasi kanda za muziki katika maonyesho mengi, hivyo kwamba umati unaitikia sauti isiyoweza kuwajibu. Wapo wahakiki walioona katika makofi hayo mazoea matupu.

Lawama hiyo ina ukweli, ila haitoshi. Umati uliovutwa na Revelations ndio uliokaa kutazama kazi za Talley Beatty, na mwaka 1987 zile za Katherine Dunham zilizofufuliwa na kundi hili. Pasipo mapato ya kipenzi cha wengi, urithi huo ungekuwa hatarini kusahauliwa.

Hitimisho

Ailey alifariki tarehe 1 Desemba 1989, naye Jamison akashika uongozi hadi mwaka 2011. Filamu zimehifadhi miondoko, lakini kamera huelekezwa jukwaani na mara chache hugeukia viti. Mwanahistoria anayetegemea filamu peke yake husoma nusu ya matini. Nusu ya pili iliandikwa na waliolipa kiingilio, wakaketi, kisha wakasimama.