Mlio wa blues kwenye gitaa la umeme

Mlio wa blues kwenye gitaa la umeme ni sauti nene yenye mkwaruzo mwepesi, inayohusishwa na muziki wa blues wa Marekani tangu miaka ya 1940. Mjini Chicago, wanamuziki kama Muddy Waters walitumia gitaa la umeme ili wasikike katika kumbi zenye kelele. Mlio huo hutokana na gitaa, amplifaya na vidole vya mpigaji.

Tofauti na dansi

Katika muziki wa dansi wa Tanzania, magitaa kwa kawaida hupigwa kwa mlio safi ili kila moja lisikike. Mfano unaojulikana ni Mbaraka Mwinshehe (1944–1979), mpiga gitaa la solo wa Morogoro Jazz. Mpigaji wa dansi anayetaka mlio wa blues anaweza kubaki na gitaa lake. Amplifaya ndiyo huleta tofauti kubwa.

Gitaa

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, inayogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Pikapu za koili moja, kama za Fender Stratocaster (1954), hutoa mlio mkali. Za koili mbili, kama za Gibson ES-335 (1958), hutoa mlio mnene na hupunguza mvumo.

Amplifaya

Amplifaya za zamani zilitumia valvu, yaani chupa ndogo za kioo zisizo na hewa ndani. Valvu zikikaribia kikomo chake, sauti huanza kukwaruza. Kwa hiyo, katika ukumbi mdogo, amplifaya ya wati 5 hadi 20 hufaa kuliko kubwa. Amplifaya ya transista inaweza kuongezewa pedali ya kukwaruza sauti.

Umeme na usalama

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018. Awali ilitegemea jenereta za dizeli. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, wa Marekani ni wa volti 120. Amplifaya ya soko la Marekani ikichomekwa Songea bila transfoma ya kushusha volti huweza kuungua.

Soketi inapaswa kuwa na waya wa kupeleka umeme ardhini. Nyuzi za gitaa huungana na bodi ya amplifaya kupitia kebo, hivyo hitilafu inaweza kumpiga mpigaji shoti. Ndani ya amplifaya ya valvu, umeme wa mamia ya volti huweza kubaki hata baada ya kuzimwa. Ifunguliwe na fundi pekee.