Mupira: neno moja, jamaa moja

Kwa Kiswahili chetu neno ni moja tu: mupira. Mupira ni ule mtoto anapiga teke. Mupira ni ule unazunguka gurudumu la motokari. Mupira tena ni ule utomvu mweupe unatoka kwa mti wa Hevea. Kwa Kifaransa tuna maneno matatu, ballon, pneu, caoutchouc, na kwa hiyo hatuoni haraka kama ni jamaa moja. Mimi nilisoma agronomie. Mupira niliofundishwa ni mti. Ni huo mti njo utatusaidia kuona namna gani michezo ya kisasa na ubepari vilikomaa pamoja.

Tuanze 1888. Mwaka ule John Boyd Dunlop, muganga wa nyama kule Belfast, alitengeneza mupira wa upepo juu ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Punde wakimbiaji wa mashindano wakaona kama unapita gurudumu gumu kwa mbio. Mashindano yakawa matangazo ya viwanda. Hata Tour de France ilizaliwa 1903 juu gazeti L'Auto lilitaka kuuza nakala nyingi.

Lakini utomvu ulitoka wapi? Hevea inaomba miaka mitano mpaka saba mbele ya kuanza kuichanja, na viwanda havikutaka kungoja. Huku Congo kulikuwa Landolphia, mimea ya kutambaa inayojiotea ndani ya pori. Hakuna aliyeipanda, basi wakubwa wakaona hakuna wa kulipwa. Serikali ya Léopold II na kampuni kama Abir zilidai kila kijiji kilete kilo zake. Aliyekosa alipigwa fimbo, bibi yake alifungwa kama rehani, wengine walikatwa mikono. Watu walienda mbali zaidi na zaidi kutafuta utomvu, na mashamba ya chakula yakabaki bila mkono. Mukimbiaji wa Paris pengine hakujua. Lakini sehemu ya bei ya mbio zake ililipwa Équateur.

Mupira wa miguu nao una historia ya kiwanda. Zamani vijiji vya Uingereza vilicheza siku za sikukuu, bila saa, bila mistari. Kiwanda kinaishi na saa. Sheria ya 1850 ilifunga viwanda vya nguo Jumamosi saa nane mchana, na pale njo wafanyakazi wakapata nafasi ya kucheza na kutazama. Manchester United ilianza 1878 kama ekipe ya wafanyakazi wa reli. Arsenal, 1886, ilitoka kwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha. Mwaka wa 1885 ikaruhusiwa mchezaji alipwe. Kisha 1901 wakubwa wakamuwekea kipimo: mshahara usipite pauni 4 kwa juma. Kipimo kilipandishwa kidogo kidogo, lakini hakikuondolewa mpaka 1961. Mchezaji alikuwa mfanyakazi, na alitendewa kama mfanyakazi.

Katanga kulikuwa Union Minière, iliyozaliwa 1906. Mwanzo ilichukua watu kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa, wengine walitoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha: mkataba wa miaka mitatu, bibi na watoto kambini, posho, dispanseri, masomo ya mapadri. Na mupira. Ni Wabenedikto njo walianzisha 1939 ekipe tunayoiita leo Mazembe. Mwaka ule ule ikazaliwa Saint-Éloi Lupopo, ambayo mpaka leo tunaiita Cheminots, watu wa reli. Kwa mukubwa wa kazi, mupira ulikuwa kama posho: unamupa mtu nguvu ya kurudi kazini Siku ya kwanza.

Kumbe posho mtu anakula kwake nyumbani, lakini mupira unakusanya watu. Mwezi wa 12, 1941, bei za vita zikiwa juu, wafanyakazi weusi wa Union Minière wakagoma, wakadai mshahara. Tarehe 9, Élisabethville, walikusanyika kwenye uwanja wa mupira. Gavana Amour Maron akaja, wao wakakataa kutoka, askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikufa pale, pamoja na makumi ya wenzake. Tukiingia uwanjani tukiimba, tukumbuke ile siku.

Baadaye ekipe ya Wabenedikto iliachana na misheni, ikabeba jina la mfadhili wake: Englebert, kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza mipira ya motokari. Utomvu ulirudi, safari hii ndani ya jina. TP Englebert ikakuwa bingwa wa Afrika 1967 na 1968, wakati serikali ilikuwa imetoka tu kuchukua mali ya Union Minière. Furaha ya watu ilikuwa yao kabisa. Jina lilikuwa la kampuni.

Wengine kati yetu wanasema: basi mupira ni dawa ya kulaza watu, tuuache. Mimi sikubali. Watu wa 1941 hawakulala. Swali langu ni la hesabu. Sheria ya migodi ya 2018 inaomba kila kampuni itoe 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Siku moja wengi kati yetu tutakaa kwa ile meza, upande wa kampuni ao upande wa kijiji. Jezi na tournoi ni rahisi, zinatoka vizuri kwa picha. Maji safi, mbegu, barabara ya kufikisha mahindi sokoni, hakuna anayevipigia makofi.

Tupokee jezi, ndiyo, na tucheze. Lakini tusikubali jezi iandikwe mahali pa maji, wala kombe mahali pa mshahara. Babu zetu walipewa uwanja, na bado wakadai franga zao. Sisi wenye diplome tutashindwa na nini?