Je, Huu ni Ungwana? Mtangazaji wa Utoto Wetu na Swali Alilotuachia



Mkutano wa safari hii umewakusanya jamaa kutoka Mombasa, Nairobi, Lubumbashi, Muscat na Leicester, na wenyeji wetu ni ndugu wanaokaa katika magorofa ya Joubert Park, katikati ya jiji la Johannesburg. Kamati ya kijitabu hiki iliomba makala moja ya historia, ihusu jambo ambalo wengi wetu tulishiriki utotoni kabla njia hazijaachana. Jambo hilo halikuwa gumu kulipata. Watu waliokulia Kenya katika miaka ya sitini, sabini na themanini, wakikutana popote duniani, hawakawii kabla ya mmoja wao kuikaza sauti na kuuliza kama alivyouliza Leonard Mambo Mbotela: Je, huu ni ungwana?

Mzee Mbotela alifariki dunia tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Yafaa vijana wetu wajue alikuwa nani, na kwa nini wazazi wao walinyamaza kidogo siku waliposikia habari hiyo.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 utangazaji ukawa mali ya serikali kwa jina la Sauti ya Kenya, na mwaka huohuo Mbotela, kijana wa Frere Town, Mombasa, akajiunga na shirika hilo. Sauti yake ilipata umaarufu katika kutangaza mpira. Aliyekuwa jikoni aliuona uwanja mzima bila ya kuinuka penye jiko. Mwaka 1966 alianzisha redioni kipindi chake cha adabu, ambacho baadaye kilionekana pia katika televisheni, na watoto waliokuwa wakiijua sauti wakapata kuiona na sura yake. Katika mitaa mingi nyumba yenye televisheni ilikuwa moja au mbili. Jioni ilipofika, nyumba hiyo iligeuka baraza: viatu vililundikana mlangoni, watoto walijipanga mkekani, na mwenye nyumba hakuthubutu kufunga mlango kabla ya kipindi kwisha.

Watoto wetu waliozaliwa Johannesburg hushangaa wakielezwa haya, kwa kuwa huidhani Afrika Kusini ilitangulia katika kila chombo. La hasha. Serikali ya ubaguzi iliiogopa televisheni kwa miaka mingi, na waziri Albert Hertzog aliipinga waziwazi. Matangazo rasmi yalianza huko tarehe 5 Januari 1976. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwa na televisheni ya rangi kabla ya hapo, ingawa ndugu wa Tanzania Bara walingoja mpaka mwaka 1994.

Kipindi chenyewe kilikuwa chepesi kwa umbo. Mtangazaji alisimulia kisa cha kila siku: mtu aingiaye nyumba ya watu bila ya kupiga hodi, mgeni ajuaye saa za chakula kuliko mwenye nyumba, jirani aazimaye kitu akasahau njia ya kukirudisha. Alikisimulia kwa utani, bila ya kumtaja mtu kwa jina, kisha akamwachia msikilizaji swali. Hakutoa hukumu. Hukumu ilitolewa sebuleni, na mara nyingi yuko aliyetazama chini. Kwa njia hiyo alidumu zaidi ya miaka hamsini, marais wakibadilika na shirika lenyewe likibadilika jina, kwani mwaka 1989 Sauti ya Kenya iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya.

Ndani ya swali hilo limo jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa tulipokuwa mkekani.

Neno muungwana, katika miji ya pwani ya zamani, halikuwa na maana ya mtu mwenye adabu peke yake. Kwanza lilikuwa neno la daraja: muungwana ni aliyezaliwa huru, na kinyume chake ni mtumwa. Mtu hakuutafuta ungwana. Aliurithi, au alikosa. Nguo, viatu, mahali pa kuketi barazani, hata nani amwoe nani, vyote vilipimwa kwa kipimo hicho. Sheria ilikomesha hali ya utumwa Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini kipimo kilibaki katika ndimi za watu muda mrefu baada ya sheria.

Na Mbotela alitoka wapi? Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kanisa la Kianglikana, iwe makao ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kengele ilitundikwa hapo ili kuonya hatari ikija, na ndipo mahali pakaitwa Kengeleni hata leo. Mababu wa ukoo wa Mbotela walikuwa Wayao wa upande wa Malawi, miongoni mwa waliotekwa na kukombolewa. Ukoo huohuo ulimtoa James Mbotela, aliyeandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa shuleni na vizazi kadhaa vya Afrika Mashariki.

Basi litazameni jambo hili. Mjukuu wa mateka ndiye aliyeketi mbele ya taifa zima na kuuliza nini ni ungwana. Neno lililotumiwa kuwafungia mlango wazee wake alilishika, akaligeuza likawa mali ya kila mtu. Katika kipindi chake hapakuwa na swali la baba yako ni nani. Palikuwa na swali moja tu: umetenda nini? Wahenga walikwisha kusema kwamba muungwana ni vitendo, lakini ni jambo moja kuisema methali, na ni jambo jingine kuifundisha nchi kila wiki kwa nusu karne.

Wakwe zetu wa Kongo wanao ushahidi wao. Kiswahili cha mashariki ya nchi yao kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana, kwa sababu ya watu wa misafara ya karne ya 19 waliojiita hivyo. Wengi wa waungwana hao walikuwa watumwa au wana wa watumwa wa pwani, ambao walipofika mbali na waliowajua walivaa kanzu na kujipa jina walilonyimwa nyumbani. Hatuna haja ya kuwacheka. Safari huwapa watu nafasi ya kujiita upya, na sisi tuliotawanyika twalijua hilo.

Heshima ya Mbotela ilipimwa pia siku ya hatari. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walioasi walimchukua nyumbani kwake Nairobi wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Waliichagua sauti yake kwa kuwa watu waliiamini. Uasi ulipozimwa siku hiyohiyo, sauti ileile ndiyo iliyotumika kuwaambia wananchi kwamba serikali ingali ipo. Sauti ya mtu ikiaminiwa na pande mbili zinazopigana, hiyo ni mali iliyolimbikizwa siku nyingi.

Sasa tuje hapa tulipokutana. Joubert Park ni katika bustani za kale za Johannesburg, na jengo la sanaa lililomo, lililochorwa na Edwin Lutyens, lilifunguliwa mwaka 1915. Kwa miongo mingi magorofa ya jirani yalikuwa ya Wazungu kwa amri ya sheria. Karibu na bustani liko jengo la Drill Hall, ambamo mwezi Desemba 1956 watu 156, Nelson Mandela akiwa mmoja wao, walianza kusikilizwa kwa mashtaka ya uhaini. Sheria ya kugawa mitaa kwa rangi ilifutwa mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata wakaja wageni wa Kongo, Msumbiji, Nigeria, Tanzania na Kenya.

Nchi hii inajua vizuri kumpima mtu kwa asili yake. Mwaka 1873 watumwa waliookolewa baharini, wengi wao Wamakua, walianza kuletwa Durban, na watu wakawaita Wazanzibari. Karibu miaka tisini baadaye maofisa wa ubaguzi walihangaika wawaandike kabila gani, kisha wakawahamisha kutoka Bluff hadi Chatsworth. Na mwezi Mei 2008, utawala wa ubaguzi ukiwa umekwisha kuondoka, watu zaidi ya 60 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni. Walioshukiwa waliulizwa kiwiko huitwaje kwa Kizulu. Asiyejua alikuwa kwerekwere, yaani mgeni asiyetakiwa.

Haya yote yanatufikisha kwenye jambo letu wenyewe, ambalo si siri tena. Katika kutayarisha shajara ya ukoo itakayobandikwa ukumbini, palizuka maneno. Yuko bibi mkuu ambaye wazee humtaja kwa sauti ya chini. Alifika Mombasa akiwa mtoto, ametekwa bara, akawekwa katika nyumba ya babu yetu kama kijakazi, na humo akazaa. Wako waliopendekeza kizazi chake kiandikwe pembeni, chini ya neno "walelewa."

Ndugu zangu, wenyeji wetu wa Joubert Park ni kizazi cha bibi huyo. Katika miaka ya tisini, kila kijana wa ukoo huu aliyeshuka Park Station na mkoba mmoja alipokewa nao, awe wa tawi gani. Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ile ya vyumba viwili, siku ya tatu ilikawia miezi, na hakuna aliyeulizwa bibi yake alikuwa nani. Mwaka 2008 ndio waliowaficha wenzetu walioogopa kutoka nje.

Tukila chakula chao, tukalala katika matandiko yao, kisha tukawaandika pembeni, twajua swali ambalo mzee Mbotela angetuuliza. Wala asingetujibia.

Pendekezo la mwandishi ni kwamba bibi yule aandikwe katikati ya shajara, kwa jina lake, na mstari wake uchorwe kwa wino uleule. Karatasi na kalamu zitakuwa mezani mwa ukumbi siku ya Jumamosi. Wazee ndio watakaoanza.