Mkaa Hutoka Hewani

Mtu akiulizwa mti unapata wapi mwili wake, aghalabu hujibu kwamba ni ardhini. Wataalamu nao waliamini hivyo kwa karne nyingi. Mwaka 1648 kilichapishwa kitabu cha Jan Baptist van Helmont, aliyepanda mche katika udongo aliokwisha kuupima, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ukapungua gramu chache tu. Yeye alidhani mti umejengwa kwa maji matupu. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure alithibitisha kwa mizani kwamba mmea hujijenga pia kwa hewa ya ukaa.

Jani huivuta hewa hiyo kupitia vitundu vyake, likaichanganya na maji kwa nguvu ya jua na kutengeneza sukari. Sukari hiyo ndiyo hujenga shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Hivyo tani moja ya mti mkavu imefunga takriban tani 1.8 za hewa ya ukaa. Mti ukichomwa, hewa hiyo hurudi angani.

Mahindi ya Karatu nayo huvuta hewa hiyo, lakini tukishayala huirudisha kwa pumzi zetu kabla mwaka haujaisha. Mti huishikilia kwa miaka mingi. Ndiyo maana mpaka unaoonekana katika lango la Lodoare ni mpaka mzito: chini yake ni mashamba, juu yake ni msitu wa Ngorongoro. Katika karne ya 20 walowezi walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, na wakulima wa Kiiraqw wakaenea Karatu. Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti mwaka 1959, msitu huo, ambao ni chanzo cha maji ya Karatu, ulibaki ndani ya hifadhi.

Kusini yake, katika Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, miti ilitunzwa bila lango. Wahadzabe waliishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, wala hawakuhitaji kufyeka pori. Wengine waliliona pori hilo kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, wakalimega. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Kupitia mradi wa Carbon Tanzania, uliopanuliwa baadaye hadi vijiji vya Karatu, wanalipwa kwa kaboni iliyomo katika miti isiyokatwa. Fedha hizo husaidia matibabu, karo na posho za walinzi wa pori.

Malipo hayo ni haki yao, lakini hayampi mnunuzi wa mbali ruhusa ya kuongeza moshi wake. Sisi wa mjini nasi tuna sehemu yetu: gunia la mkaa linaloisha jikoni kwa wiki chache ni hewa ambayo mti uliikusanya kwa miaka mingi. Tukipata nishati nyingine, tuliache pori liendelee na kazi yake.