Lugha ya Mtihani katika Historia ya Upimaji Tanzania

Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alihoji mazoea ya shule kutawaliwa na mitihani. Kwa hoja yake, mtihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaeleza kwa muda uliowekwa. Si kila mara hufaulu kupima uwezo wa kufikiri, na haupimi kabisa moyo wa kutumikia.

Mageuzi yakafuata. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa mwaka 1973. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, maendeleo ya mwanafunzi darasani na katika kazi yalianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho.

Lugha, hata hivyo, haikuguswa. Mwanafunzi aliyetahiniwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi aliyakuta maswali ya sekondari yameandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kifundishie hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Hapo ndipo penye utata. Mtahiniwa aachapo wazi swali la baiolojia, msahihishaji hawezi kujua kama kilichokosekana ni maarifa ya mmea au maneno ya kuyaelezea. Sifuri huandikwa ileile. Kipimo kisichotofautisha kutojua na kukosa neno hakijampima mwanafunzi.