Pumu ya Mtoto Si Hatia ya Mama

Katika historia ya utabibu yamo makosa yaliyotendwa kwa nia njema. Mojawapo ni lile lililowapata akina mama wa watoto wenye pumu huko Marekani, katikati ya karne ya 20, pale wataalamu walipotamka kwamba maradhi ya mtoto yalitoka katika moyo wa mama yake. Yafaa habari hiyo isikike kambini na katika vituo vya polisi. Askari wengi huenda kazini mbali, wakawaachia wake zao ulezi wa watoto wachanga. Na lawama ni nyepesi katika kinywa cha mtu ambaye hakuwapo nyumbani usiku mtoto alipokosa pumzi.

Fikra hiyo ilipata nguvu katika mji wa Chicago. Daktari Franz Alexander, mzaliwa wa Hungaria, alianzisha huko chuo cha uchunguzi wa nafsi mnamo mwaka wa 1932. Yeye na wenzake walifundisha kwamba yako maradhi ya mwili yanayotokana na mapambano yaliyofichika ndani ya nafsi, na pumu ikahesabiwa miongoni mwayo. Kwa maelezo yao, mlio wa kifua cha mwenye pumu ulikuwa kilio kilichozuiwa cha kumlilia mama. Kitabu cha Alexander cha mwaka wa 1950 kilieneza mafundisho hayo mbali. Kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufikia kumhukumu mama. Akimkumbatia mtoto, aliambiwa anamdekeza. Akiwa mkali, aliambiwa amemkataa. Kila mlango aliouendea aliukuta umefungwa.

Katika mji wa Denver palikuwa na makao ya watoto wenye pumu kali. Watoto walitengwa na wazazi wao wakakaa humo, baadhi yao hata kwa miaka miwili. Daktari Murray Peshkin, aliyekuwa mtetezi mkuu wa njia hiyo, aliipa jina lenye maana ya kumkata mzazi, mithili ya mpasuaji akatavyo kidole tumbo kilichooza. Ni kweli kwamba watoto wengi walipata nafuu. Lakini mtoto aliyeondoka nyumbani hakumwacha mama peke yake. Aliliacha pia vumbi la godoro, manyoya ya paka na moshi wa sigara. Ni nani basi aliyekuwa mkosaji?

Mwaka wa 1969 Kenneth Purcell na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio la kujibu swali hilo. Safari hii mtoto alibaki, na jamaa zake wakahama. Kwa majuma mawili watoto 25 walitunzwa na mlezi mgeni katika nyumba zao wenyewe, vumbi likiwa lile lile. Wale ambao tangu awali walidhaniwa kwamba pumu yao huchochewa na hisia walipata nafuu. Wengine hawakubadilika sana. Jaribio hilo lilionyesha kwamba hisia ni upepo unaochochea moto kwa baadhi ya watoto, wala si kuni zenyewe.

Kuni zilikwisha kuonekana, tena katika mji ule ule wa Denver. Mwaka wa 1966, katika taasisi ya uchunguzi iliyozaliwa na makao yale yale, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wote Wajapani, waligundua kingamwili inayoleta mzio. Mwaka uliofuata wachunguzi wa Uppsala, Sweden, walitangaza ugunduzi kama huo, na mwaka wa 1968 ikapewa jina la immunoglobulini E. Kwa mwenye mzio, ulinzi wa mwili huwa kama askari wa zamu anayefyatua risasi kila apitapo raia asiye na silaha. Raia huyo ni vumbi au chavua. Risasi zikilia, njia za pumzi hubana. Hapo mafundisho ya Chicago yalipungukiwa na nguvu, ingawa akina mama wengi walikuwa wamekwisha kubeba aibu isiyokuwa yao.

Hata hivyo suala la mama lilirudi, likiwa na sura nyingine. Mwezi wa Januari 1998 mvua iliyoganda kuwa barafu iliangusha nguzo za umeme mashariki ya Kanada. Zaidi ya watu milioni 3 walikosa umeme katika baridi kali, na zaidi ya askari 15,000 wakatumwa kuwasaidia. Mchunguzi Suzanne King na wenzake waliwafuatilia wanawake waliokuwa wajawazito wakati huo katika jimbo la Quebec. Watoto walipotimiza umri wa miaka 11 hivi, ilionekana kwamba mabinti wa akina mama waliofadhaika zaidi walielekea zaidi kupata pumu. Watoto hao walikuwa wachache, hawakufika 100. Lakini katika jimbo la Manitoba, uchunguzi wa watoto karibu 14,000 waliozaliwa mwaka wa 1995, uliotangazwa mwaka wa 2008, ulionyesha jambo la kufanana. Pale huzuni na wasiwasi wa mama vilipodumu kwa miaka, hatari ya pumu kwa mtoto iliongezeka kwa kiasi. Pale vilipokoma mapema baada ya uzazi, haikuongezeka.

Yafaa ieleweke kwamba mambo mawili kuandamana si ushahidi kamili kwamba moja limelizaa jingine. Urithi, moshi na hali ya makazi vina sehemu yao kubwa. Lakini tofauti baina ya zama hizi mbili ni dhahiri. Wataalamu wa zamani waliona uchungu wa mama wakamtenga na mwanawe. Uchunguzi wa sasa unauonesha uchungu huo kuwa ni mzigo wa kupunguzwa, na mapema.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Askari ambaye mtoto wake hubanwa na kifua ampeleke kwa mganga wa hospitali, azime sigara yake ndani ya nyumba, na dawa zitumike kama zilivyoandikwa. Kisha amtazame mama wa mtoto huyo. Akiona hali chakula, halali, au analia pasipo sababu, asimwite mvivu wala mkosaji. Naye ni mgonjwa, na ana haki ya kutibiwa.