Mikate Juu ya Jiwe

Usiku wa tarehe 27 Agosti 1869, Meja John Wesley Powell hakulala. Alitembea huku na huko juu ya mchanga kando ya mto Colorado, mkono mmoja tu ukining'inia. Ule wa kulia ulikatwa baada ya kupigwa risasi kwenye vita vya Shiloh, mwaka 1862. Mbele yao maji yalikuwa yananguruma kama lori bovu. Nyuma hakurudiki. Huku na huku majabali matupu.

Safari ilianza Mei 24 kule Wyoming: watu 10, mashua 4, chakula cha miezi kumi. Lakini mto haujui hesabu za mtu. Haukupita mwezi, mashua moja ikapasuliwa vipande na mawe. Ndani ya mabaki yake waliokoa vipimo vya hewa na kipipa cha wiski alichokificha Oramel Howland. Vijana wakashangilia, Meja akadhani wanashangilia vipimo! Nyama ikaoza, ikatupwa. Unga ukaota ukungu. Hadi Agosti kilichobaki kwa wingi ni kahawa tu, na kahawa, jamani, haishibishi.

Vitabu hupenda kusema ilikuwa nchi isiyojulikana na mtu. Isiyojulikana na nani? Siku moja kabla ya usiku ule, wale jamaa walikuta shamba la Wahindi Wekundu ndani ya korongo, wakaiba maboga, wakakimbia nayo kwa mashua. Sasa nani alikuwa kaivumbua nchi, mwizi au mwenye boga?

Basi usiku ule, baada ya chakula, Howland alimvuta Meja pembeni. Yeye, mdogo wake Seneca na William Dunn hawaendi tena. Watapanda majabali, wavuke jangwa kwa miguu hadi vijiji vya Wamormoni. Wapo wanaowaita waoga. Mimi siwaiti hivyo. Mtu mwenye njaa, aliyekwisha kuona mashua ikipasuka chini yake, akichagua miguu yake badala ya maji yale, huyo amepiga hesabu tu.

Asubuhi hakuna aliyejua aseme nini. Watatu hao waliwasaidia wenzao kupitisha mashua kwenye mawe. Jack Sumner akawapa saa yake, wakampe dada yake iwapo yeye atakufa. Mpishi, Billy Hawkins, akawaokea mikate akaiacha juu ya jiwe. Kila upande uliamini kwamba ule mwingine unakwenda kufa.

Mashua mbili zikaingia majini na watu sita. Wakapita! Walipofika chini wakafyatua bunduki kuwaita wale watatu wawafuate na mashua iliyoachwa. Wapi! Hawakutokea. Siku mbili baadaye, Agosti 30, wale sita wakatokea kwenye makutano na mto Virgin, wakakuta watu wanavua samaki kwa wavu. Kumbe watu hao walikuwa wameagizwa waangalie kama maji yataleta mabaki yao.

Wale watatu waliuawa huko juu. Habari za mwanzo zilisema ni Washivwits, waliowadhania wachimba madini waliomdhuru mwanamke. Wengine baadaye wakawanyooshea kidole Wamormoni. Ubishi haujaisha hadi leo.

Meja akawa mtu mkubwa serikalini. Mwaka 1875 alitoa kitabu kama shajara ya siku kwa siku, kumbe amechanganya humo mambo ya safari yake ya pili, ya 1871 na 1872, na wenzake wa safari hiyo hakuwataja. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tunajua utamu wa kubana matukio. Lakini yeye aliita historia. George Bradley naye, mpiga makasia wake, alikuwa akiandika yake kwa siri kila siku, na ndimo njaa inamosomeka ilivyokuwa, pamoja na manung'uniko juu ya Meja.

Baadaye Powell alijengewa mnara wa mawe ukingoni mwa Grand Canyon, ukiwa na majina ya waliosafiri naye. Ya ndugu wawili Howland na ya Dunn hayakuwekwa.